Mayai na mboga yanayotoa maji: jibu kwa baba wa Morogoro

Swali: "Dada mpishi, habari za kazi. Mimi ni baba wa watoto watatu hapa Morogoro. Mke wangu siku hizi anaingia zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi jiko ni langu. Nawapikia watoto mayai ya kuvuruga na mboga: kitunguu, karoti, hoho, nyanya na mchicha. Kila siku yananishinda kwa namna ileile. Yakifika kwenye sahani yanaachia maji ya rangi ya waridi, mkate unalowa, mayai yenyewe magumu kama mpira na karoti bado mbichi. Watoto wanachambua mboga wanaziweka pembeni. Niliongeza maziwa, maji yakazidi. Niliongeza kijiko cha unga wa ngano, ikawa chapati isiyoiva. Ya mama yao namwekea kwenye hotpoti, akirudi saa tatu anakuta yamegeuka kijani. Nina mayai sita kwa siku, siwezi kuongeza, na nataka yawashibishe mpaka mchana. Nakosea wapi?"

Kaka, kabla hujapika tena, jioni ya leo pita kwenye kibanda cha chipsi usimame dakika tano, uangalie zege, yaani chipsi mayai, linavyotengenezwa. Chipsi zimeshakaangwa, zimechujwa mafuta, zinasubiri kwenye kabati la kioo. Kijana anazitupa kwenye kikaango, anazipasha mpaka zinaanza kulia, ndipo anamimina mayai mawili aliyoyapiga kwenye kikombe cha plastiki. Anageuza mara moja, anapakua. Sasa tafuta nyanya ziko wapi. Tafuta kabichi na karoti na hoho. Ziko pembeni kwenye bakuli la kachumbari, na zitawekwa juu ya sahani chakula kikishaiva. Yule kijana hajasomea upishi popote, lakini hajawahi kukuuzia zege linaloogelea.

Wewe, naweza kuapa, unakaanga kitunguu kidogo, unatupia nyanya, karoti, hoho na mchicha kwa mpigo, unakoroga mara mbili tatu, kisha unamimina mayai juu ya mboga ambazo ndiyo kwanza zinaanza kutoa maji. Hapo mayai hayakaangwi tena, yanachemshwa ndani ya supu ya nyanya. Na wala si wewe peke yako, nyumba nyingi ndivyo tunavyopika. Wengi tumezoea tu kula yakiwa hivyo.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba mboga na mayai havipikwi pamoja. Vinapikwa mbalimbali, vinakutanishwa dakika ya mwisho. Sababu yake nataka uielewe vizuri, maana ukiielewa hutahitaji vipimo vyangu.

Nyanya mbivu ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Mchicha hivyohivyo, hoho hivyohivyo, uyoga hivyohivyo. Yai lenyewe, ambalo tunaliona zito, robo tatu yake ni maji. Tofauti ni kwamba maji ya yai yanaweza kufungwa. Protini za yai bichi ni kama nyuzi zilizojikunja, kila moja kivyake. Zikipata joto zinakunjuka, zinashikana, zinafanya wavu, na maji yanabaki yamenaswa ndani ya ule wavu. Huo ndio ulaini wa yai lililopikwa vizuri. Ukiendelea kulipa joto, nyuzi zinazidi kukazana, wavu unabana, maji yanakamuliwa nje kama unavyokamua nguo ya kufua. Kinachobaki ndio ule mpira wanaoutafuna wanao.

Sasa angalia nyuzijoto. Ute huanza kuganda kwenye 60 na kidogo, kiini kwenye 65 hadi 70, na mayai yaliyopigwa pamoja yanakuwa yameshika kabisa kwenye 73 hivi. Lakini maji ya nyanya, ili yakauke kwenye kikaango, lazima yachemke, na maji huchemka kwenye 100. Kwa hiyo ukishamimina mayai juu ya nyanya yenye maji umejiingiza kwenye deni lisilolipika. Yai limeiva zamani, wewe bado umesimama na mwiko unasubiri maji yakauke. Na kule kusubiri ndiko kunakolikamua yai litoe maji yake. Unakausha mkono huu, unamimina kwa mkono ule. Yale maji ya waridi kwenye sahani ni ya nyanya na ya yai kwa pamoja.

Maziwa yalizidisha tatizo kwa sababu hiyohiyo, maana nayo ni maji kwa sehemu kubwa. Ukitaka kuweka, kijiko kimoja cha chakula kwa mayai mawili kinatosha. Mimi mtoto wa Tanga naweka tui zito badala yake, tena kidogo sana, na siku nyingi siweki kitu. Unga wa ngano haukuwa wazo la kijinga, nakuambia ukweli. Wanga hunyonya maji na kuzuia protini zisikazane mno. Kosa lake ni kwamba unga wa ngano unahitaji kuiva kwa muda mrefu kuliko yai linavyoweza kuvumilia, ndiyo maana ukapata chapati mbichi. Ukikausha mboga zako vizuri, hutauhitaji.

Tuingie jikoni. Mayai sita kila asubuhi ni trei nzima kwa siku tano, kwa hiyo nimekuelewa unaposema huwezi kuongeza. Chukua matano ya asubuhi, moja liache, nitakuambia la nini. (Mimi ningeacha mawili, lakini hiyo ni siasa ya nyumbani kwenu.) Mayai matano ya kisasa ukiyapiga yanajaa kikombe kimoja cha chai kile cha mililita 250. Mboga zako zikishakaangwa na kukauka nazo zisizidi sana kikombe kimoja, labda kimoja na robo. Nasema zikishakauka. Mbichi zitaonekana nyingi mno, usiogope: kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti moja, nusu ya hoho, nyanya mbili, na nusu fungu la mchicha. Mboga zikizidi hapo, yai linakosa cha kushikilia, unapata mboga zenye madoa ya mayai.

Karoti usiikate vipande, ikwangue. Hili peke yake litamaliza nusu ya ugomvi wako na watoto. Kipande cha karoti cha nusu sentimita kinahitaji muda kulainika, na wewe huna muda huo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Karoti iliyokwanguliwa inalainika kwa dakika tatu, inayeyukia kwenye kitunguu na kuacha utamu wake. Mtoto hataona cha kuchambua. Hoho katakata ndogo kama punje za mahindi. Nyanya zipasue katikati, toa mbegu na ule ute wake kwa kijiko, maana maji mengi yamejificha humo. Usiutupe, utie kwenye maharage ya mchana. Mchicha uoshe mapema uuache ujikaushe kwenye chujio, kwa sababu majani yaliyotoka kwenye beseni yanabeba maji ya bomba ambayo hata si ya kwake.

Chukua kikaango kipana. Kwa kiasi hiki sentimita 24 au zaidi. Ukitumia kidogo, mboga zinapandana, mvuke wa za chini unanaswa na za juu, na zote zinachemka. Kipashe kwanza kikiwa kitupu, kisha mafuta vijiko viwili vya chakula, kisha kitunguu. Kikilainika na kuanza kupata rangi ya dhahabu pembeni, weka karoti na hoho. Dakika tatu. Kisha nyanya na chumvi kidogo. Chumvi hapa ina kazi, inavuta maji ya nyanya yatoke mapema wakati bado kuna moto wa kuyakausha.

Hapo sasa acha macho, tumia masikio. Nyanya zikiingia, kikaango kinanyamaza ghafla, kisha kinaanza kutokota kwa sauti nzito kama uji. Hiyo ni sauti ya maji. Koroga, ponda nyanya kwa mgongo wa mwiko, usipunguze moto. Baada ya dakika nne au tano sauti inapanda, inakuwa nyembamba na kali, chwaa, kama mwanzo ulipoweka kitunguu. Hiyo ni sauti ya mafuta. Ukitazama utaona mafuta yamejitenga yanang'aa pembeni, na ukipitisha mwiko katikati unaacha barabara isiyojifunga. Mama zetu walikuwa wanasema nyanya "imekubali". Kama barabara inajifunga kwa maji, haijakubali, na mayai yasubiri.

Mchicha unaingia mwisho, juu ya moto mkali, dakika moja au mbili, mpaka unywee na maji yake yaondoke. Mboga zote zikishakuwa kavu, zimwage kwenye sahani. Ndiyo, zitoe kabisa kikaangoni. Najua ni sahani moja zaidi ya kuosha.

Mayai unayapiga kabla ya hayo yote. Pasua kila moja kwenye kikombe kivyake ndipo ulihamishie kwenye bakuli, maana yai viza moja linakuharibia manne mazuri, na harufu yake haina dawa. Weka chumvi, chini kidogo ya nusu kijiko cha chai kwa mayai matano, upige kwa uma mpaka usione nyuzi nyeupe za ute. Kisha yaache yakae wakati unashughulika na mboga. Utasikia watu wakisema chumvi ikiwekwa mapema inayafanya mayai kuwa magumu. Jaribu mwenyewe uone. Yakikaa na chumvi dakika kumi na tano, rangi inakolea kidogo, na yakiiva yanakuwa laini zaidi na yanashika maji yake, kwa sababu chumvi inazizuia zile protini zisibanane kwa pupa.

Futa kikaango kwa kitambaa, rudisha motoni, safari hii moto mdogo. Kijiko kimoja cha mafuta au siagi. Mimina mayai, uhesabu kimya mpaka kumi bila kugusa. Ukingo ukianza kuganda na kubadilika rangi, usukume taratibu kwa mwiko bapa kuelekea katikati, yale mabichi yatiririke kujaza nafasi. Sukuma tena upande mwingine. Unatengeneza mapande makubwa laini, kama mawimbi. Usikoroge kama uji. Jina letu limetuponza hapo: mayai ya "kuvuruga" tunayavuruga kwelikweli, tunapata chengachenga, na chenga ndogo zinakauka haraka kuliko pande kubwa. Theluthi mbili ikiwa imeshika na theluthi moja bado inang'aa, rudisha mboga zikiwa za moto, kunja kutoka chini kwenda juu mara tano au sita, toa kikaango motoni. Yai linaendelea kuiva kwa joto la kikaango na la mboga. Ukisubiri mpaka yaonekane yameiva kabisa yakiwa bado jikoni, yatakuwa yamepitiliza yakifika mezani.

Lakini hapa lazima niweke mpaka. Kwenye mahoteli wageni wengine wanaomba mayai yenye ute unaotembea, na wapishi tunajivunia kuyatoa hivyo. Nyumbani kwako, na mtoto mdogo mezani, na mayai yaliyokaa siku kadhaa dukani bila friji, usiige. Salmonela, bakteria wa kuharisha wanaoweza kuwa kwenye mayai, hufa yai likifika nyuzi 71 na kuendelea, na hiyo ni pale yai linapokuwa limeshika bila majimaji ya kutiririka, ila bado linang'aa. Kwa hiyo ukishalitoa motoni, funika kikaango nusu dakika au dakika moja, kisha funua utazame. Ukiona bado kuna ute mbichi, rudisha sekunde chache. Laini, lenye unyevunyevu, limeshika: hapo mdogo kuliko wote anakula, na hata mama mjamzito anakula. Mayai machafu ya kienyeji yafute, uyaoshe tu pale unapotaka kuyapasua. Ukiyaosha na kuyaweka unaondoa utando wa asili unaolinda vitundu vya ganda.

Hukuniambia unatumia jiko gani. Kama ni la mkaa, najua unacheka niliposema "moto mdogo". Jiko la mkaa halina kitufe. Fanya hivi: mboga zipikie wakati mkaa umepamba moto, maana ndipo unapohitaji ukali. Ukimaliza, funga kimlango cha chini, tandaza majivu kidogo juu ya makaa, subiri dakika moja, ndipo mayai. Na mkono wako mwenyewe ni kitufe. Ukiona yanakimbia, nyanyua kikaango hewani, endelea kukunja, rudisha. Wapishi wazuri ninaowajua wananyanyua kikaango hata kwenye gesi. Kama unatumia jiko linalokaa juu ya mtungi mdogo wa gesi, moto wake unapiga katikati tu, kwa hiyo zungusha kikaango, la sivyo katikati patakuwa na ngozi ya kahawia wakati pembeni bado ni uji. Na kama huna kikaango kisichoshika, unatumia sufuria ya alumini, ipashe vizuri kabla ya mafuta na uongeze mafuta kidogo. Itashika kiasi, huo ndio ukweli wake.

Sasa kushibisha. Yai moja la kisasa lina protini gramu 6 hivi. Mayai matano kwa watu wanne ni kama gramu 7 na nusu kwa kila mmoja, si haba, lakini kwa mtoto anayekimbia mpaka saa saba mchana hazitoshi zikiwa peke yake. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Kwa hiyo maharage yaliyobaki jana usiku ndiyo mayai yako ya ziada. Yachuje mchuzi wote, yakaange kwenye zile mboga baada ya nyanya kukubali, yapate ukavu wa nje. Siku ambayo hakuna maharage, viazi mviringo viwili, vikatwe vipande vya sentimita moja, vichemshwe kwenye maji ya chumvi dakika sita hadi nane wakati chai inachemka, vimwagwe maji, vikaangwe peke yake mpaka vipate ganda la kahawia. Viazi vilivyochemshwa usiku na kulala kwenye friji vinakaangika vizuri zaidi, havivunjiki. Vyote hivi vinaingia kikaangoni pamoja na mboga, vikiwa vya moto na vikavu, kama chipsi za yule kijana.

Asubuhi yako ni fupi, kwa hiyo hamisha kazi. Mboga zote mpaka kwenye nyanya iliyokubali unaweza kuzipika usiku baada ya chakula cha jioni, ukazipooza na kuziweka kwenye friji. Asubuhi unazipasha mpaka zilie, unatia mchicha, unapiga mayai. Ni dakika nane ukiwa hujaanza hata kuwaamsha. Mayai yenyewe usiyapige usiku.

Na ya mama yao. Hapa nina kovu langu. Nilipoanza kazi nilikuwa msaidizi wa kifungua kinywa kwenye hoteli moja. Asubuhi moja tulikuwa na wageni wa semina, nikapewa trei nne. Nikajiona mjanja, nikapika mayai yote 120 saa kumi na moja alfajiri, nikayajaza kwenye chombo kikubwa cha bati chenye moto chini yake, nikafunika, nikaenda kukata matunda. Saa mbili wageni walipoanza kushuka nikafunua. Yalikuwa yamepiga kijani cha majivu, na chini yake maji yamesimama kama vidole viwili. Mpishi mkuu hakunigombeza. Alileta trei nyingine, akaweka mbele yangu kikaango na jiko dogo pale pale mbele ya foleni, akasema pika mawili mawili. Nilipika mpaka saa nne.

Kile kijani si sumu. Kiini kina madini ya chuma, ute una salfa, na yai likikaa kwenye joto kwa muda mrefu vinakutana na kutengeneza ile rangi. Hotpoti yako inafanya kazi yake vizuri mno: inaendelea kulipika yai kwa saa mbili. Kwa hiyo lile yai la sita liache zima. Mchotee mke wako mboga zake kwenye kibakuli kabla hujachanganya na mayai, ukifunike na kukiweka kwenye friji. Akiingia saa tatu anapasha mboga mpaka zilie, anapasulia yai lake juu, dakika mbili amekaa. Ukiwa nyumbani siku hiyo, mpikie wewe.

Umeniuliza unakosea wapi, nami nikutoe wasiwasi kwamba maji ya nyanya yamewasumbua watu wengi kabla yako. Wachina wanapika mayai kwanza yakiwa malaini, wanayatoa, wanapika nyanya kwenye kikaango hichohicho, kisha wanayarudisha, na wanayapenda yakiwa na rojo kwa sababu wanamwagia juu ya wali. Waturuki wana menemen: nyanya na pilipili zinachemshwa mpaka zinakuwa rojo zito ndipo mayai, na inaliwa kwa kuchovya mkate, kwa hiyo ulowevu wenyewe ndio chakula. (Kama iwekwe kitunguu au isiwekwe, huko wanagombana mpaka leo.) Wahindi kwenye bhurji, mayai yao ya kuvuruga, wanakaanga kitunguu, nyanya, pilipili na manjano mpaka mafuta yanatoka juu. Waganda wa rolex (mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati) wao wanachanganya kabichi na nyanya mbichi moja kwa moja kwenye yai, na linatoka sawa, lakini angalia wanavyofanya: mboga zimekatwa nyembamba kama nyuzi, mayai mawili tu, yametandazwa kama karatasi kwenye bamba la moto mkali. Maji yanaruka yote kabla hayajapata pa kujificha. Ukitaka njia hiyo, ifanye kwa mtu mmoja mmoja, si kwa bakuli la mayai matano.

Ukibadilisha mboga, kila moja na tabia yake. Sukuma wiki ni rahisi kuliko mchicha, ikate nyembamba sana, ila inataka dakika tano. Kabichi inyunyizie chumvi, iache robo saa, uikamue kwa mikono kabla haijaona moto. Uyoga uweke kwenye kikaango kikavu bila mafuta kabisa. Uache utoe maji yake, uyanywe tena wenyewe, uanze kulia kikaangoni, ndipo mafuta. Bamia ikaange kwenye moto mkali bila chumvi mpaka utelezi ukauke. Mlenda uache kwenye chungu chake. Bizari ya manjano, nusu kijiko cha chai, ikaangwe na kitunguu, isinyunyizwe juu ya yai ikiwa mbichi. Kotmiri na pilipili manga ni baada ya kutoa motoni. Ndimu kamwe isiingie kikaangoni. Mwenye kuipenda aikamulie kwenye sahani yake.

Na siku ambayo nyanya zako ni zile za masika, zimejaa maji na hazina ladha, usihangaike kuzikausha. Zikate na kitunguu, chumvi na ndimu, uziweke mezani kama kachumbari, na mayai uyapike na karoti, hoho na mchicha tu.

Ukimaliza, kikaango kiloweke kwa maji ya baridi, si ya moto. Maji ya moto yanaliivisha yai lililobaki na kuligandisha zaidi. Kikikaa dakika kumi kwenye maji baridi, hata yule mdogo anaweza kukisugua kabla ya kuvaa sare za shule.